Saa inasema mwili wangu una miaka 58

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, mkazi wa Tabata hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni uhasibu, yaani nakaa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na nikitoka hapo nakaa tena kwenye daladala. Mwezi wa nne nilianza kukimbia baada ya kuona ngazi za ofisini, ghorofa mbili tu, zinanikata pumzi. Nilianza peke yangu alfajiri: natembea nguzo tatu za umeme, nakimbia moja. Mwezi wa sita nikaweza kilomita 5 bila kusimama, kwa dakika 39. Nilifurahi nikanunua na raba mpya. Mpaka leo nakimbia mara tatu kwa wiki, kilomita 4 au 5.

Shida ilianza nilipojiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani. Ni watu wazuri, hata kwenye misiba tunashikana mkono. Lakini kila baada ya mazoezi mtu anatupia kwenye kundi la WhatsApp picha ya simu yake: kilomita ngapi, dakika ngapi kwa kilomita. Huyu 5:40, yule 6:05. Yangu ni 7:48, na hiyo ni siku nzuri. Siku hizi situpii. Kuna kaka mmoja amenibatiza Lori la Mchanga, na jina limeshika.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Coco Beach, tukakimbia kilomita 10 kwa kuvuka Daraja la Tanzanite na kurudi. Nikasema leo sibaki nyuma. Kilomita ya kwanza nilikwenda nao kwa 6:10, ya pili vilevile. Njiani nikapishana na mama mmoja tunayesali naye, akanisalimia vizuri kabisa, nikashindwa kuitikia, nikainua mkono tu. Kufika kilomita ya nne miguu ikawa kama ya kuazima, saa ikaonyesha moyo unapiga 171. Nikatembea, nikakimbia, nikatembea. Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 24, wenzangu wameshakunywa madafu na kupiga picha ya pamoja. Jumapili na Jumatatu nilishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya goti la kulia.

Hiyo saa nayo imenimaliza. Shemeji alimletea mume wangu kutoka Dubai, akaivaa wiki mbili akaitupa kwenye droo, nikaichukua mimi. Kila Jumapili inanipa taarifa: uwezo wako ni hafifu, umri wa mwili wako ni miaka 58. Mwanangu wa kidato cha pili ameshaanza kuniamkia kwa kuinama na kuniuliza kama bibi amekunywa uji.

Sasa kikundi kimejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, kule Moshi, mwezi wa pili. Mimi sijalipa. Naomba kujua: 7:48 kwa mtu wa umri wangu ni mbaya? Nitajuaje kasi na umbali unaoendana na mwili wangu mimi? Na hizo kilomita 21, niende au niwaachie wenye miguu yao? Mwezi wa saba niliumwa malaria, wiki mbili sikukimbia, sijui kama nayo inahusika.

Mama Watatu, Tabata

---

Marahaba, binti yangu.

Nimecheka pale kwenye uji, kisha nikarudi kwenye mstari ambao wewe umeupita mbio: yule mama mnayesali naye aliyekusalimia ukashindwa kuitikia. Ungeniandikia mstari huo peke yake ningekuwa na la kukujibu.

Sisi hatusalimiani kwa neno moja. Ukikutana na mtu mzima alfajiri kuna shikamoo, kuna habari za nyumbani, watoto wameamkaje, na yule mgonjwa anaendeleaje. Mimi wanafunzi wangu nimewapima kwa hiyo salamu miaka mingi. Ukipishana na mtu ukaweza kumaliza shikamoo na habari za watoto bila kuvuta pumzi katikati, na akikujibu ukaweza kuendelea, hiyo ndiyo kasi yako ya kila siku. Ukitoa shikamoo tu halafu ukalazimika kuvuta pumzi, umeingia kwenye kasi ya kazi. Hiyo nakuruhusu mara moja kwa wiki, dakika chache. Ukiinua mkono, hayo si mazoezi tena, umeshaingia mashindanoni bila kujiandikisha.

Sijaokota jambo hili barabarani. Mwili ukipewa kazi kubwa kuliko unavyoweza kuibeba kwa utulivu, misuli huzalisha asidi kuliko inavyoweza kuiondoa, na mapafu hulazimika kuhema harakaharaka ili kutoa hewa chafu nje. Maneno hukosa nafasi ya kupita. Ndiyo maana wataalamu wa mazoezi nao hupima kwa kumsemesha mkimbiaji. Na kabla yao kulikuwa na mchakamchaka. Unakumbuka? Shule nzima, darasa la kwanza mpaka la saba, alfajiri, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Wimbo ukianza kukatika nyuma, aliye mbele alipunguza. Hakuna aliyekuwa na saa wala simu, na hakuna aliyeachwa.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo kazi yako. Wanachotupia wenzako kwenye kundi ni mapato matupu: 5:40, kilomita 10, picha ya jasho. Matumizi hayatupiwi. Alihema vipi, mchana ule alilala saa ngapi, goti lilisemaje Jumatatu, alianza kukimbia mwaka gani, ana kilo ngapi, alicheza mpira mpaka umri gani. Wewe huwezi kufunga mahesabu ya ofisi kwa upande mmoja wa daftari, kwa nini ufunge ya mwili wako hivyo? Dakika 7 na sekunde 48 zinazokurudisha nyumbani ukapika chai na kwenda kazini ni faida. Zile 6:10 zilizokushusha ngazi kinyumenyume siku mbili ni hasara, hata zingeonekana tamu kiasi gani kwenye picha.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: si mbaya. Mtu aliyekuwa anahesabu nguzo za umeme mwezi wa nne akafika kilomita 5 mfululizo mwezi wa sita, mimi ningemwambia apunguze haraka.

Na namba yenyewe haisemi kitu mpaka ujue ilipatikana wapi. Chukua Alphonce Simbu, kijana wetu wa Singida. Aprili 2025 alishika nafasi ya pili kwenye marathoni ya Boston, Marekani, kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4. Septemba mwaka huohuo, Tokyo, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, yaani alichelewa karibu dakika 5 nzima. Saa yako ingemwandikia kwamba kiwango kimeshuka. Siku hiyo ya Tokyo ndiyo aliyopata dhahabu ya dunia, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia ya sekunde, muda wao ukaandikwa sawasawa. Tokyo kulikuwa na joto na unyevu hewani, na kila mtu alikuwa anamvizia mwenzake. Boston njia inateremka kwa jumla. Mtu ni yuleyule. Kama joto la Tokyo linamfanya bingwa wa dunia awe na muda mwingine, wewe unategemea nini kwenye Daraja la Tanzanite jua likishatoka, pale ambapo hakuna hata mti wa kujibanza?

Tuje kwenye kosa lako la Jumamosi, maana lipo. Kosa lilikuwa kwenye kilomita mbili za mwanzo.

Kuna kanuni ya mhandisi mmoja wa Marekani, Peter Riegel, wakimbiaji wanaitumia tangu miaka ya 1970. Inachukua muda wako wa umbali mmoja na kukadiria wa umbali mwingine, ikijua kwamba kila umbali ukiongezeka mara mbili, muda huongezeka zaidi kidogo ya mara mbili. Nimeingiza dakika zako 39. Kilomita 10 inatoa saa 1 na dakika 21, sawa na 8:08 kwa kila kilomita. Wewe umemaliza kwa 1:24. Umeona? Pamoja na kutembea kote kule, umekosa dakika 3 tu za kile ambacho mwili wako una uwezo nacho. Ungeanza kwa 8:08, au hata 8:20, ungemaliza dakika zilezile au pungufu, ukiwa umemsalimia yule mama na goti likiwa zima. Ulianza kwa kasi inayozidi kasi yako bora ya kilomita 5 kwa dakika moja na sekunde 38 kila kilomita. Hilo deni ulianza kulilipa kilomita ya nne, na riba umeilipia kwenye ngazi.

Sikucheki, maana mimi mwenyewe nimepita humo. Februari 1974 nilikuwa mtoto wa miaka 12 pale mkimbiaji wetu Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, dakika 3, sekunde 32 na nukta 16, akiongoza tangu bunduki ilipolia mpaka utepe. Redio ilitangaza, mtaa mzima tukawa Bayi. Kwenye mashindano ya shule yaliyofuata nilitoka na bunduki kama mwizi, nikaongoza mzunguko mmoja na nusu, wazee wakasimama. Mzunguko wa tatu nilipitwa na mtoto wa darasa letu aliyekuwa anakimbia na kaptula iliyopasuka, anaishikilia kwa mkono. Nilikuwa nimemwiga Bayi mbio zake, mapafu yake sikuwa nayo.

Na hao mabingwa wenyewe hawakimbii hivyo kila siku. Mkenya Eliud Kipchoge mwaka 2019 kule Vienna alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kama dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita, mara 26 na vipande vyake bila hata moja ya kupumzika... nimekosea, hizo ni maili. Kilomita ni 42. Lakini nenda Iten au Kaptagat, kule Kenya wanakofanyia mazoezi, asubuhi ya mazoezi mepesi, utawakuta wanatoka taratibu, wanapiga soga, kiasi kwamba mgeni anadhani wanamsubiri mtu. Kikundi chenu kinakimbia kila Jumamosi kama vile kuna zawadi mwishoni.

Umbali nao una kipimo chake, na wewe unacho tayari: zile ngazi za ofisini zilizokuanzishia safari. Kasi ipime kwa salamu siku hiyohiyo. Umbali upime kwa ngazi kesho yake. Ukishuka ghorofa mbili Jumatatu kama kawaida yako, umbali wa wikiendi ulikuwa wako. Ukishika chuma cha ngazi, ulikopa. Ulikuwa umezoea kilomita 5 ukaruka hadi 10 kwa siku moja. Hata ungekwenda kwa kasi ya bibi harusi, goti lingelalamika, maana mapafu hujenga uwezo haraka kuliko kano na mifupa. Huu mtego huwanasa wanaoanza wote: pumzi inasema twende, goti halijasikia habari hiyo. Kwa sasa usikimbie mpaka ngazi zishuke bila maumivu siku mbili mfululizo. Kutembea ruksa. Goti likivimba, au likikwama au kukuangusha, usinisubiri mimi, nenda kwa daktari.

Malaria inahusika sana, na nimefurahi umeitaja ingawa umeiweka mwishoni kama kitu cha aibu. Vimelea vile hula chembe nyekundu za damu, na hizo ndizo zinazobeba hewa kwenda kwenye misuli. Homa hupona wiki moja, damu huchukua muda zaidi kurudi. Na kwa mwanamke wa miaka 43, kama siku zako zimekuwa nzito kuliko zamani, jambo ambalo unalijua wewe, damu inaweza kuwa inavuja kwa mlango mwingine. Kabla ya kulipia Moshi, nenda zahanati upime wingi wa damu, presha na sukari. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu, na hapo hakuna programu ya mazoezi itakayokusaidia mpaka utibiwe. Na ukiwahi kusikia kifua kinabana unapokimbia, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, siku hiyo mbio zimekwisha mpaka uonwe na daktari.

Moshi sasa. Kanuni ileile ya Riegel inakupa nusu marathoni kwa takriban saa 3, kama 8:30 kwa kilomita, ila inadhani umejiandaa kwa umbali huo, na hujajiandaa bado. Inadhani pia barabara ni tambarare, na Moshi iko miguuni mwa mlima, kupanda kupo. Weka dakika kumi au zaidi za akiba, na uangalie waandaaji wanafunga njia saa ngapi. Kutoka sasa mpaka mwisho wa Februari kuna wiki kama 20. Acha siku mbili za katikati ya wiki zibaki kilomita 4 au 5 za shikamoo. Siku ya tatu ndiyo iongezeke: 6, 7, 8, halafu rudi 6 upumzishe miguu, 9, 10, 11, rudi 8, 12, 13, 14, rudi 10. Ukiendelea hivyo utafika 18 kabla ya safari, zinatosha, tatu za mwisho zitasukumwa na watu wa Moshi barabarani. Wiki ambayo ngazi zimekukatalia, rudia umbali uleule, usiongeze.

Joto la Dar litakuwa linapanda wakati wewe unaongeza kilomita, kwa hiyo Desemba na Januari utaona kasi yako imeshuka badala ya kupanda, 7:48 itakuwa 8:15 kwa pumzi ileile. Usitishike. Mara moja kila wiki nne, chagua kipande kimoja cha kwenu, kama kilomita 3, kwenda na kurudi, alfajiri ileile, raba zilezile, ukimbie kwa kasi ya shikamoo na kuandika dakika kwenye daftari. Andika na hali ya hewa, na kama ulilala. Baada ya miezi mitatu utasoma mwenyewe.

Usilipe wiki hii. Siku utakayomaliza kilomita 10 ukiwa umesalimia kila mtu njiani, lipa. Kama katikati ya Desemba hujafika huko, nenda Moshi na kikundi chako ukimbie zile kilomita 5 na ushangilie wenzako, nusu marathoni ya mwakani ipo. Huyo kaka wa Lori la Mchanga mwombe Jumamosi ijayo mkimbie pamoja kilomita mbili akikusimulia habari za kazini kwake. Nina hamu ya kujua atafika sentensi ya ngapi.

Mwisho ni hiyo saa. Kwanza ile 171. Kwa umri wako makadirio ya dari la moyo ni 220 toa 43, yaani 177, ingawa mtu anaweza kuzidi au kupungua hapo kwa mapigo kumi na zaidi. Ungekuwa umelikaribia dari kweli. Lakini saa ya mkononi ikivaliwa legelege hukosea ikahesabu mtikisiko wa hatua badala ya moyo, na mkimbiaji hupiga hatua kama 160 hadi 180 kwa dakika. Siku nyingine simama, weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4, ulinganishe. Na uikaze, ikae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono.

Pili, umesema alianza kuivaa mume wako. Mpe yule mtoto wa uji simu, afungue wasifu uliomo kwenye programu ya saa, akusomee kwa sauti: jinsia, mwaka wa kuzaliwa, kilo. Nina wasiwasi kwamba tangu mwezi wa nne wewe ndiye unayeamka alfajiri kukimbia, na mwenye mwili wa miaka 58 ni baba watoto.